Mafemani na Dawa ya Kumlaza Faru

Katika kikosi chetu chote cha kukamata wanyama, hakuna mtu aliyeijali ngozi yake kama Mafemani Rikhotso. Wanawake wa kijiji chetu cha Xitsavini wanajipaka mafuta mpaka wanang'aa, lakini hata wao hawasimami dirishani kila asubuhi kuikagua mikono yao upande huu na upande ule wakitafuta mkwaruzo. Mafemani alisimama. Akikuta palipokwaruzwa na mwiba, alibandika plasta. Juu ya plasta alivaa glavu, na juu ya glavu, glavu nyingine. Mkewe, Mihloti, aliweka chai mezani akamtazama.

"Baba Nyiko, leo unaenda kazini au unaenda kuposa?"

"Cheka tu. Wewe hulijui lile tone."

"Silijui vipi, na tunalala nalo kitanda kimoja?"

Tone lenyewe si la kuchezea, tusimwonee mwenzetu. Ni dawa ya jamii ya zile wanazochomwa wagonjwa wa maumivu makali hospitalini, ila hii imetengenezwa maabara kwa ajili ya kumlaza faru, na faru halazwi na kitu cha mchezo. Kichupa chake ni kidogo, ungedhani ni cha manukato. Daktari Marlize Verhoef, daktari wa wanyama, hakukifungua kabla ya kuvaa miwani na glavu, na kabla ya ndoo ya maji safi kuwekwa pembeni ya gari. Kisha alituita sote tukasimama duara, akasema maneno yale yale aliyoyasema tangu tumjue.

"Mwenye kidonda aseme sasa. Dawa ikikudondokea kwenye ngozi nzima, usisugue. Osha kwa maji mengi, halafu niite. Ikiingia jichoni, mdomoni, kwenye jeraha, au ukijichoma, usiniite kwa adabu. Piga kelele." Hapo alitutazama mmoja mmoja. "Na mtu wangu leo ni nani?"

Hiyo ndiyo desturi ya kazi ile. Anayejaza dawa kwenye mshale wa sindano hafungui kichupa mpaka amtaje mtu atakayemzindua yeye, au yeyote kati yetu, mambo yakiharibika. Mtu huyo hashiki kamba wala msumeno. Anasimama na mkoba mwekundu wenye dawa ya kuzindua, macho kwa watu, basi. Na kwa misimu yote hiyo aliyejibu "Ni mimi, daktari" alikuwa Mafemani.

Wapo waliouliza kwa nini yeye, mwoga kuliko wote. Daktari alijibu mara moja tu.

"Asiyeiogopa dawa hii simtaki karibu nayo."

Mafemani aliyakumbatia maneno hayo. Hakuwa na cheo kingine duniani. Kanisani hakuwa mzee wa kanisa, kijijini hakuitwa kwenye baraza, na nyumbani aliyeamua mambo alikuwa Mihloti. Lakini porini, alipovaa ule mkoba begani, kifua kilitoka mbele.

Sasa, katika kikosi hicho hicho alikuwapo Gezani Makhubele, aliyemwoa Dzunisani, dada mdogo wa Mafemani. Gezani ndiye aliyechomoa mishale na kushika kamba ya mguu wa nyuma. Alikuwa mchapakazi, mkono wake mwepesi, ila mdomo wake haukujua likizo. Alisema akila, alisema akikimbia, na Dzunisani anaapa kwamba alisema akilala. Shemeji mtu kama huyo ni mtihani, na Mafemani aliwahi kumwomba Mungu waziwazi, mezani, wakati wa sala ya chakula, ampatie Gezani ukimya hata wa siku moja.

Halafu likaja lile jambo la msimu wa baridi uliopita, ambalo Mafemani angelipa ng'ombe lisahaulike.

Alikuwa akisafisha trei, na tone likamdondokea mkononi, pale glavu inapoishia na mkono wa shati haujaanza. Ngozi ilikuwa nzima, haina hata alama ya kucha. Mafemani alijimwagia ndoo ya kwanza, akajimwagia ya pili, kisha akatafuta mahali penye nyasi laini akajilaza chali. Kizunguzungu kikamshika. Midomo ikamwasha, vidole vikafa ganzi. Akaona saa imefika, na kwa kuwa ni mtu wa kupanga mambo yake, akaanza kugawa mali.

"Dume langu jekundu mpeni Gezani, amtunze dada yangu. Baiskeli ni ya Nyiko. Mihloti akitaka kuolewa tena na aolewe, lakini si na Khazamula!"

Khazamula, mshika msumeno wetu, mgane mwenye meno mazuri, alikuwa amesimama pale pale ameinamisha kofia kwa heshima. Alishtuka.

Daktari Marlize alifika mbio, akapiga magoti, akamshika mkono, akamtazama mboni za macho, akasikiliza pumzi.

"Mafemani, moyo wako unakimbia. Pumzi zako zinakimbia. Dawa hii ikimshika mtu, pumzi zinapungua, mboni zinakuwa ndogo kama kichwa cha pini, na mtu ananyamaza. Ananyamaza kabisa. Anayekufa kwa dawa hii hapati nafasi ya kugawa ng'ombe." Akampangusa uso. "Hii ni hofu. Nayo inauma kweli, najua. Kaa hapa, tutakuangalia."

Yeye hakucheka. Alikaa pembeni yake mpaka jua lilipopinda. Sisi wengine tulicheka mpaka tukashika mbavu, na leo sioni haya kusema hivyo, kwa sababu kilichofuata kilichekesha zaidi.

Jumamosi yake Gezani alifika kwa Mafemani na kamba mpya begani.

"Shemeji, nimekuja kumchukua dume."

"Dume gani?"

"Jekundu. Uliponigawia nilikuwapo. Khazamula shahidi, daktari shahidi, faru shahidi."

"Lakini sikufa!"

"Hilo ni kosa lako, shemeji. Mimi upande wangu nilipokea."

Kwetu, mtu anayeaga dunia akigawa kitu mbele ya watu, kimegawika, na hapo ndipo utani ulipochacha, maana watu wazima walikaa kitako kuujadili kwa sura za kazi. Aliitwa shangazi mkubwa wa Mafemani na Dzunisani, naye akasikiliza pande zote huku akitafuna karanga. Akaamua kwamba dume ni la Gezani kweli, ila atalichukua siku Mafemani atakapoimaliza ile kazi ya kufa aliyoiacha nusu. Gezani akashukuru kwa kupiga makofi ya heshima, akaacha kamba yake pale ukutani isubiri. Mihloti yeye hakujali dume. Alikuwa na swali lake jingine, na alimuuliza mumewe wiki nzima.

"Kwa nini si Khazamula?"

Tangu hapo kila mapumziko ya chai yalikuwa na mchezo. Gezani aliweka kikombe chini, akatafuta nyasi laini, akajilaza chali, mkono mmoja kifuani, akaanza kwa sauti ya Mafemani: "Dume langu jekundu…" Aliuigiza porini, akauigiza kwenye arusi, akauigiza hata kwenye matanga ya mtu mwingine, na wafiwa walicheka. Kila mara aliongeza mali mpya ambayo Mafemani hakuwa nayo. Mafemani alijikaza kisabuni, akacheka na wenzake kwa meno tu.

Kilichomuuma hakikuwa mchezo. Kilikuwa neno la Bwana Brits, msimamizi wa hifadhi, lililomfikia kwa njia ya jikoni.

"Siwezi kuwakabidhi watu wangu kwa mtu anayezimia kwa maji ya ndoo," Brits alimwambia daktari. "Mkoba apewe Gezani. Yule angalau hana woga."

"Mpe muda mpaka msimu wa kukata pembe uishe," daktari alijibu. "Akiyumba, nitautoa mwenyewe."

Mafemani alirudi nyumbani siku hiyo bila hamu ya chakula. Kwa sababu Brits alikuwa amesema kwa sauti kile ambacho yeye alikuwa akijiuliza kimoyomoyo. Kumchoma faru angeweza. Binadamu hakuwahi hata mmoja. Kliniki, walipomdunga Nyiko chanjo, yeye ndiye aliyetoka nje. Je, siku ikifika, mkono huu utakubali? Alianza kujizoeza kwa machungwa. Mihloti alikuta bakuli zima la machungwa yaliyochomwa sindano za maji, akaonja moja, akatema.

"Kama unataka kuniua uoe mwingine," alisema, "mimi nachagua mwenyewe nani."

Lakini usiku ule alimshika mkono, akaushikilia mpaka usingizi ulipowachukua, na hakumtania.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Daktari alimpiga faru jike mshale kutoka kwenye helikopta, sisi wa ardhini tukakimbilia kwenye vichaka vya mopane alikoangukia. Kitambaa cha kumfunga macho, soksi za kumziba masikio, kila mtu na sehemu yake. Khazamula akawasha msumeno kumkata pembe ili majangili wasimfuate, vipande vya pembe vikaruka kama maganda ya mahindi. Daktari, aliyekwisha kushushwa na helikopta, alikuwa kichwani kwa mnyama akihesabu pumzi zake. Mafemani alisimama nyuma na mkoba wake. Bwana Brits alikuwa ameegemea gari, mikono amefunga, na tulijua sote amekuja kumtazama nani.

Gezani alichomoa mshale kwenye paja la faru. Alikuwa amevaa glavu, nisimsingizie. Mshale haukuwa umemwaga dawa yote, ukavuja kwenye vidole vya glavu. Akautia kwenye kopo lake gumu la mishale kama inavyotakiwa, akafunga kifuniko. Kisha akatakiwa kubandika karatasi ya gundi yenye namba kwenye kichupa cha damu, na karatasi ile inagandana na glavu ukiishika. Mkono wa kushoto ulikuwa na kamba ya mguu. Basi akafanya anachofanya kila mtu wa kikosi chetu, aliyezoea kushika kamba kwa meno, utepe kwa meno, kisu kwa meno. Aliuma ncha ya kidole cha glavu, akaivuta ikatoka.

Nani kati yetu hakuwahi kuvua glavu hivyo? Nilimwona, na hata sikushtuka.

Alibandika karatasi yake. Akasimulia jambo fulani la mbuzi wa jirani. Baada ya muda akasema, "Jamani, jua," akampa mwingine kamba, akasogea pembeni kwenye nyasi. Akakaa. Akajilaza chali, mkono mmoja kifuani.

Tuliangua kicheko. Bwana Brits naye alicheka, mara ya kwanza mwaka huo.

"Gezani!" Khazamula aliita huku akizima msumeno. "Leo dume unampa nani?"

Mafemani aliona damu inampanda kichwani. Leo, mbele ya Brits! Leo, siku wanayompima! Shemeji gani huyu, mtu aliyekula kwake, aliyeoa kwake? Akala kiapo moyoni kwamba hatageuka kumtazama. Akampa mgongo, akautazama mti wa mopane kana kwamba ameajiriwa kuulinda.

Alisubiri "dume langu jekundu" lije. Halikuja.

Akasubiri tena. Wenzake waliendelea kucheka, mmoja akaanza kuigiza yeye badala ya Gezani. Mafemani, akiwa bado amewapa mgongo, alitega sikio. Gezani hajawahi kunyamaza kwa muda mrefu hivi. Hajawahi, tangu aje kuposa.

Akageuka.

Alipomfikia aliona glavu imelala kifuani pa Gezani, kidole chake kimelowa, kina alama za meno. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Akamfunua jicho: mboni kama kichwa cha pini. Akangoja pumzi ije. Akangoja. Ikaja moja, ndogo, halafu hakuna.

"Daktari!" Hakuita kwa adabu. Kwa sauti ile ndege waliruka kwenye miti. "Daktari! Mdomoni! Imemwingia mdomoni!"

Na hapo, Mungu atusamehe, wengine walicheka zaidi.

"Leo wanakufa wawili!" mmoja alisema.

Mafemani hakusikia. Alikuwa amepiga magoti, mkoba wazi, na kifuniko cha sindano kilimponyoka mara mbili. Alilia, na aliendelea kufanya kazi huku akilia. Akamkandamiza Gezani paja, akachoma pale pale juu ya suruali, akasukuma mpaka mwisho. Akainama kumpulizia pumzi kwa mdomo wake, midomo ikakaribia kugusana, ndipo alipokumbuka ile glavu. Akatoa kipulizio cha mpira, akakibana usoni, akaanza kukibonyeza.

"Pumua, mjinga wewe. Pumua. Nitamwambia nini Dzunisani?"

Kicheko kilikuwa kimekatika. Daktari Marlize alifika akipiga kelele kwa msaidizi wake abaki na faru. Akakagua kila kitu kwa macho, akaona sindano tupu, akaona kipulizio.

"Vizuri. Usiache. Bonyeza polepole."

Yeye akamgeuza uso, akamwosha mdomo, akasikiliza kifua. Sisi tulisimama na mikono yetu mitupu. Khazamula alikuwa amevua kofia, safari hii si kwa mzaha. Kisha Gezani akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, akakohoa, akafungua macho asijue yuko wapi.

Bwana Brits mwenyewe ndiye aliyekimbia kuwasha gari.

Njiani daktari alikaa nyuma ya pikapu na mgonjwa pamoja na Mafemani. Barabara ile ya vumbi tunaijua, hata mzima akipita analegea.

"Sikiliza," daktari alimwambia Mafemani. "Dawa uliyomchoma inaisha mapema. Ile ya faru haijaisha. Anaweza kuzama tena. Mimi naangalia pumzi, ninayo sindano nyingine hapa. Wewe kazi yako ni moja. Mfanye aseme. Akinyamaza tu, niambie."

Mafemani alikiweka kichwa cha shemeji yake mapajani.

"Gezani. Sema kitu."

"Nimechoka," Gezani alinong'ona.

"Hujachoka! Sema! Yule mbuzi wa jirani, alifanyaje?"

"Mbuzi… alikula…" Macho yakaanza kufunga.

"Alikula nini? Gezani! Alikula nini?" Mafemani alimfinya shavu. "Nitukane basi. Nitukane, shemeji, nakuomba. Niigize! Sema mimi ni mwoga. Sema nilizimia kwa maji ya ndoo. Daktari, amenyamaza! Daktari!"

Daktari alichoma sindano ya pili. Gari lilirukaruka, vumbi likaingia kila mahali. Mafemani alikuwa akiomba kwa sauti, bila kujali nani anasikia, na alichoomba kilikuwa kinyume kabisa cha yale maombi yake ya mezani. Alitaka lile neno linalokera, lile linalokatiza watu, lile lisilojua saa. Alilitaka lirudi. Angelisikiliza mpaka uzeeni.

"Shati," Gezani alisema, taratibu.

"Nini?"

"Mbuzi. Alikula shati. La mchungaji." Akapumua. "Shemeji, unanifinya sana. Una kucha kama za fisi. Na unanuka jasho. Dada yako ananukia vizuri, wewe sijui umetoka wapi…"

"Endelea," Mafemani alisema, machozi yakimdondokea Gezani usoni. "Endelea hapo hapo."

Akaendelea mpaka mjini Phalaborwa, mara nyingine maneno mawili, mara nyingine kumi, mengi yakiwa matusi. Hospitalini walimpokea, wakamlaza kwenye kitanda chenye mashine inayolia kila pumzi. Daktari Marlize alibaki mlangoni akizungumza na daktari mwenzake. Bwana Brits alisimama ukumbini na kofia mkononi. Alimtazama Mafemani, kisha akaenda kumletea maji.

Mafemani aliyaacha yale maji. Alikuwa amesimama mguuni mwa kitanda. Gezani alikuwa amepata nguvu kidogo, akaanza kumweleza muuguzi habari za mbuzi tangu mwanzo, kwa sauti ya kukwaruza, na muuguzi, mama mnene wa makamo aliyekuwa akimfunga kipimo mkononi, alichoka naye.

"Baba, hebu nyamaza upumzike."

Mafemani alimshika yule mama mkono kabla hajamaliza kufunga.

"Hapana, dada," alisema. "Tafadhali. Huyu msimwambie anyamaze."